Hapa Hafungwi Mtu

Kuna nchi moja haipakani na yenu. Nasema mapema, ili mkikutana humu na mtu mnayedhani mnamjua, mjue mmemfananisha. Nchi hiyo ina jiji, jiji lina uwanja mmoja wa mpira, na uwanja huo una timu tatu: Kunguru, Nyuki, na Minyororo, ambayo ni timu ya idara ya magereza na mashabiki wake huingia uwanjani kwa mstari, wawili wawili.

Timu hizo ziliishi humo kama wake wenza jiko moja. Kunguru wakipaka viti rangi nyeusi, Nyuki wanavipaka njano, halafu Minyororo wanakuja kuvihesabu. Kila timu ilikuwa na kamati ya ufundi, na ninaposema ufundi mnajua ufundi gani. Kila kamati ilichimba golini ikafukia vitu vyake, ya pili ikavifukua ikafukia vyake, hata majani yakakataa kabisa kuota pale. Mwishowe halmashauri ya jiji ikatangaza kwamba uwanja utafungwa kwa ukarabati.

Mashabiki waliposikia hivyo wakaanza kurusha mawe, maana katika nchi ile kitu kikifungwa kwa ukarabati ndiyo basi tena. Wengine wakakumbushana kuwa mwaka wa fujo walifungiwa watu mlemle uwanjani, na watu hao hawakuwa wamekuja kutazama mpira. Maneno yakawa mengi. Ndipo Mtukufu Kiongozi akaja mwenyewe.

Golikipa wa Kunguru, Hamduni Ligwama, ambaye jiji zima lilimwita Komeo, alikuwa amepangwa mstari wa mbele na wachezaji wenzake, glavu mkononi, kwa hiyo alisikia kila kitu.

"Ndugu wananchi," alisema Mtukufu. Kipaza sauti kikapiga kelele kidogo, kisha kikanyamaza kwa adabu. "Uwanja huu ni wenu. Uwanja huu hautafungwa. Na si uwanja tu. Kuanzia leo, ndani ya uwanja huu, hafungwi mtu. Nimemaliza."

Watu walishangilia mpaka wakasahau walikuwa wanalalamikia nini. Komeo naye alipiga makofi, ila makofi ya glavu hayasikiki, na bwana mmoja mwenye miwani myeusi alimtazama kwa muda mrefu kidogo.

* * *

Haikupita wiki, manahodha wa timu zote tatu wakaitwa kwa Waziri wa Michezo, Furaha na Utulivu, Mheshimiwa Ndimbwa. Komeo alikwenda kwa niaba ya Kunguru. Nyuki walimleta mshambuliaji wao, Salumbe, mtu mwenye mguu wa kushoto ambao makipa waliuota vibaya. Komeo na Salumbe walikuwa wamekua mtaa mmoja, wakicheza chandimu kwa mpira wa makaratasi, mmoja akipiga na mwenzake akidaka. Minyororo walimleta nahodha wao, Inspekta Kibwengo, aliyekaa wima kama yuko gwaride.

"Komeo," alianza Waziri, "msimu uliopita nyinyi Kunguru mlifungwa pale uwanjani?"

"Tulifungwa, Mheshimiwa. Na hawa Nyuki. Mawili bila."

"Isijirudie. Mtukufu ametamka kwamba pale hafungwi mtu. Kwani golikipa si mtu?"

Komeo alifikiri. "Ni mtu, Mheshimiwa."

"Basi tumeelewana."

Salumbe akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, samahani. Mimi kazi yangu ni kufunga."

"Ilikuwa."

"Labda Mtukufu alikuwa na maana ya kufungwa kule kwingine," alisema Salumbe. "Jela."

Waziri alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Kijana, tamko la Mtukufu halitafutiwi maana. Linatekelezwa. Wizara imelitekeleza pande zote ili tusije tukakosea upande. Kwa hiyo sheria mpya ni fupi, hata wewe utaishika: atakayefunga, atafungwa."

Inspekta Kibwengo akakohoa. "Afungiwe wapi, Mheshimiwa? Maana mle uwanjani ndiyo hafungwi mtu."

"Nje, Inspekta. Mle ndani hafungwi mtu. Atafungwa nje."

Inspekta akasema sawasawa, na manahodha wakapewa soda.

* * *

Msimu ule mechi zote zilikwisha bila kwa bila. Redio ya taifa iliziita sare za kizalendo. Watangazaji walijifunza kupaza sauti mpira ukitoka nje, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kupazia sauti, na ubao wa matokeo ulipokosa kazi ukawekwa picha ya Waziri akitabasamu.

Wizara haikulala. Iligundua kwamba wachezaji walikuwa wakifunga kamba za viatu mbele ya jukwaa kuu, ikaagiza kamba zote zifungwe nje ya geti. Kwa hiyo mchezaji kamba ikimfunguka katikati ya mechi alikimbia mpaka barabarani, akainama, akafunga, akarudi akihema na kukuta kona imeshapigwa. Ulipoingia mwezi wa mfungo, askari wa getini walimuuliza kila anayeingia, "Umefunga?" Aliyejibu ndiyo alisimamishwa pembeni. Shehe mmoja mtu mzima aliwaendea akawaeleza tofauti kwa upole, na Wizara ikamshukuru, ikamwomba maelezo hayo ayalete kwa nakala tatu.

Kisa cha semina ndicho kilichonichosha mimi. Chini ya jukwaa kuu kulikuwa na ukumbi, na ndani ya ukumbi kulikuwa na semina ya makatibu wa wilaya kuhusu uamuzi wa haraka. Siku ya mwisho mgeni rasmi alisimama kusoma hotuba, akafika pale pa "natamka rasmi kwamba semina hii imefu", akamwona yule bwana wa miwani myeusi amesimama mlangoni. Akakaa. Semina ile haikufungwa siku ile wala ya pili yake. Makatibu wakaendelea kuletewa chai na sambusa, na wawili kati yao wakapandishwa vyeo hukohuko.

Washambuliaji nao walizoea. Kukosa goli ukiwa umbali wa hatua moja ni kazi ngumu, msidhani mchezo, na Salumbe aliifanya kwa ustadi mpaka akapewa kikombe cha Mshambuliaji Mwenye Nidhamu. Alikipokea akakitia uvunguni mwa kitanda.

Aliyeumia zaidi ni Komeo. Magazeti yalimwita kipa bora wa nyakati zote, kwani tangu msimu uanze hakuwa ameruhusu goli hata moja. Watu walimpisha kwenye foleni. Wazazi waliwapa watoto jina lake. Na yeye alikuwa hajaguswa na shuti la maana tangu siku ya tamko. Alisimama golini kama mlinzi wa benki isiyo na fedha. Mechi nyingine alikuja na kigoda, akakaa, akamenya machungwa. Alikuwa anaingia miaka ambayo kipa huanza kusikia magoti yakiongea, na alijua huu ndio msimu wake wa mwisho. Kilichomtesa ni kwamba hakujua kama bado anaweza kudaka, na kila aliyemuuliza alimwambia yeye ni bora wa nyakati zote. Ilimuuma sana, na hakuwa na wa kumwambia.

Akaenda kumwambia Salumbe.

* * *

Ilikuwa asubuhi, siku moja kabla ya mechi ya mwisho ya Kunguru na Nyuki. Salumbe alikuwa barazani kwake, na mkewe Mwajabu alikuwa anakaanga maandazi.

"Nina ombi, mwanangu," alisema Komeo. "Kesho nipigie. Moja tu. Lile lako la kushoto."

Salumbe alimtazama. "Wewe unaumwa."

"Siumwi. Nataka nidake kitu kabla sijaacha mpira. Nitawahadithia nini watu? Kwamba nilimenya machungwa?"

"Nikifunga nitafungwa, Komeo. Unalijua hilo."

"Hutafunga. Nitadaka."

"Usipodaka?"

"Tangu chandimu tunacheza wote, hilo shuti lako sijawahi kulidaka?"

"Umelidaka nusu."

"Si ndiyo hapo."

"Nusu nyingine ndiyo inayonipeleka jela."

Mwajabu aliweka sahani ya maandazi kati yao. "Shemeji, karibu maandazi," alisema. "Kula ushibe, halafu urudi kwako. Mume wangu hapigi."

Komeo alikula mawili, akashukuru, akaondoka. Njiani alijiona mjinga, tena mchoyo, kumtaka mwenzake auweke uhuru wake rehani kwa ajili ya mikono ya mtu mwingine. Aliamua kesho yake angemwambia asahau. Alimwambia kweli, kwenye mstari wa kusalimiana, ila kelele zilikuwa nyingi na Salumbe akadhani anakumbushwa.

* * *

Mechi ilikwenda kama zilivyokwenda nyingine zote, mpaka karibu na mwisho. Mpira ulitoka kulia, ukadunda, ukamfikia Salumbe akiwa peke yake nje kidogo ya boksi. Mashabiki walikuwa wanasimama kutafuta njia ya kutokea. Salumbe aliinua kichwa akamtazama Komeo, na Komeo, ambaye asubuhi ile alikuwa amekusudia kutikisa kichwa kukataa, akajikuta amepiga kigoda teke kikaenda huko na ameinama, mikono wazi.

Salumbe akapiga.

Komeo aliruka. Aliruka kuliko alivyojua anaweza, na angani aliona furaha ambayo alikuwa ameisahau, akaona mpira unakuja, akanyoosha mkono mpaka bega likalia. Kidole cha kati kikaugusa. Mpira ukagonga mwamba kwa ndani, ukaingia nyavuni.

Upande wa Nyuki mzee mmoja akasema "Goo," taratibu, kama mtu anayeuliza. Jirani yake akalirudia. Likapanda jukwaa hadi jukwaa, Kunguru nao wakalipokea, hata Minyororo waliokuja kutazama tu wakavunja mistari yao, na kina mama waliokuwa sokoni ng'ambo ya mto walisema baadaye kwamba walidhani bei zimeshuka.

Komeo alibaki amelala chini. Furaha ilimtoka yote kwa pamoja. Alikuwa ameguswa na shuti la maana, na rafiki yake alikuwa anakwenda jela.

Kamanda Ngulumbi aliingia uwanjani na askari wake, pingu mkononi. Kamanda huyu alikuwa Nyuki wa kufa na kuzikana, na macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ambayo hakupenda iulizwe. Waziri alifuata nyuma, akipita kwa uangalifu pasipo na majani.

"Salumbe," alisema Kamanda, "lete mikono."

Salumbe alikuwa ameshainyoosha. Komeo alijiinua na kuja mbio, vumbi mwili mzima.

"Afande, samahani. Unataka kumfanya nini?"

"Kumfunga pingu."

"Hapa?"

Kamanda aliitazama pingu, akayatazama majukwaa, akamgeukia Waziri. Yule bwana wa miwani myeusi alikuwa amesogea na alikuwa anaandika.

"Mheshimiwa ulitwambia wewe mwenyewe," alisema Komeo, ambaye hakuwa mzoefu wa kubishana na wakubwa. "Ulisema mle ndani hafungwi mtu, atafungwa nje. Inspekta Kibwengo alikuwepo."

"Nilikuwepo," alisema Inspekta Kibwengo kutoka jukwaani, akisimama wima.

Waziri alipangusa jasho. "Basi mtoeni nje, mumfunge huko."

"Usitoke," Komeo alimwambia Salumbe. "Kaa chini."

Salumbe akakaa chini, palepale kwenye nukta ya penalti. Komeo akakaa kando yake. Mashabiki wakaanza kushuka majukwaani, Kunguru kwa Nyuki, wakakaa nao, mpaka hapakuwa na mahali askari angeweka buti bila kukanyaga mtu. Kamanda Ngulumbi aliangalia umati ule, akaangalia askari wake, akapiga saluti.

"Mheshimiwa, akitoka nitamkamata."

"Na asipotoka?"

"Tutamsubiri, Mheshimiwa."

Akaagiza kiti, akakiweka nje ya geti, akakaa na pingu mapajani.

* * *

Mwajabu alikuja jioni ileile na mkeka, sufuria na jiko la mkaa. Alitandika mkeka golini, upande usio na majani, ndipo akamtazama Komeo.

"Shemeji, ulisema utadaka."

"Nilisema."

"Ukagusa kwa kidole."

"Nisamehe, shemeji."

"Sikusamehi leo. Kesho tutaona. Kashike lile jiko."

Komeo hakurudi kwake. Aliona haya kulala kitandani ilhali mwenzake analala golini kwa sababu yake. Alihamia upande wa pili, goli la pili.

Habari zikasambaa. Kwanza akaingia machinga mmoja mbio, mgambo wa jiji wakiwa nyuma yake, akavuka mstari wa geti, akageuka, akawauliza kama wangependa soksi. Akaja mwandishi wa habari aliyekuwa akitafutwa kwa kuandika kwamba sukari imepanda bei wakati ilikuwa imebadilika tu. Akaja mwalimu aliyewauliza wanafunzi swali ambalo Wizara haikuwa na jibu lake. Baada yao walikuja watu ambao hata hawakuwa wakitafutwa bado, walikuja kuwahi nafasi. Vijana wakafunga ndoa katikati ya uwanja, na hakuna aliyewazuia, kwani askari pekee aliyethubutu kuingia aliulizwa kama ametumwa na Mtukufu kupinga neno la Mtukufu, akatoka kinyumenyume.

Serikali ilitaka kuufunga uwanja. Ikakumbuka kwamba hautafungwa. Ikataka kufunga geti, wanasheria wakasema geti ni sehemu ya uwanja, na ili kuondoa shaka yoyote mageti yakang'olewa. Njia iliyobaki ilikuwa Mtukufu afute tamko lake, ila ili alifute ingebidi kwanza awe amelikosea, na Mtukufu hakuwa na utaratibu huo. Mheshimiwa Ndimbwa alijaribu kumweleza jambo hili, na kesho yake mchana alionekana anavuka mstari wa geti na sanduku lake. Makatibu wa wilaya wakampokea kwenye semina.

Na mpira ukarudi. Kwa kuwa humo ndani aliyefunga hakuweza kufungwa, watu walifunga. Kunguru, Nyuki na Minyororo walicheza kila siku, goli sita kwa tano, saba kwa saba. Komeo alidaka nusu na nusu zikamshinda, naye aliifahamu hali yake sasa na akaridhika nayo. Kila Salumbe akimpiga moja la kushoto, Mwajabu alisema kutoka jikoni kwake, "Hilo nalo umegusa, shemeji?" Siku aliyomwambia hivyo akicheka, Komeo alijua amesamehewa.

Ila Salumbe hakuwa anacheka sana. Alikuwa akisimama pale palipokuwa geti, vidole vya miguu kwenye mstari, akitazama barabara ya kwenda kwao. Upande wa pili Kamanda Ngulumbi alikuwa kwenye kiti chake. Walisalimiana kila asubuhi.

* * *

Asubuhi moja redio ilipiga muziki wa gwaride tangu alfajiri, kisha sauti ngeni ikatangaza kwamba nchi imepata Mtukufu mwingine, na kwamba matamko yote ya zamani yanaendelea mpaka yatakaposomwa.

Haikuchukua muda, mtu mmoja mnene akaja mbio barabarani, amevaa suti ya michezo iliyogeuzwa ndani nje, begi mkononi. Alimpita Kamanda Ngulumbi kabla Kamanda hajainuka kitini, akavuka mstari, akaja kusimama mbele ya goli alipokuwa Komeo anafanya mazoezi. Alihema hadi pumzi ikamrudia.

"Ni kweli," aliuliza, "kwamba hapa hafungwi mtu?"

Komeo aliijua ile sauti. "Ni tamko lako, Mtukufu."

"Nani msimamizi hapa?"

"Hakuna msimamizi. Anayeingia anapangiwa namba, anacheza."

Kamanda Ngulumbi alikuwa amefika kwenye mstari, na alisimama hapo na pingu yake. "Salumbe," aliita. "Wewe unaweza kwenda nyumbani. Chumba ulichowekewa kinatakiwa na mtu mwingine. Mheshimiwa huyo akitoka tu."

Salumbe aligeuka kumtazama mkewe. Mwajabu alikuwa ameshaanza kukunja mkeka.

"Twende, baba," alisema. "Kabla hawajabadilisha."

"Nakuja. Moja tu."

Komeo alielewa. Alivua glavu zake, ya kulia kisha ya kushoto, akamkabidhi Mtukufu. "Kunguru hatuna kipa," alisema. "Mimi nimestaafu leo."

Mtukufu alizivaa, akazikosea mikono, Komeo akamsaidia. Makatibu wa wilaya walitoka kwenye semina yao kuja kuona. Waziri Ndimbwa alijificha nyuma yao. Salumbe aliuweka mpira kwenye nukta ya penalti, akarudi nyuma.

"Mmesahau?" Mtukufu alisema kutoka golini, akijaribu ile sauti yake ya kipaza sauti. "Nilishatamka. Hapa hafungwi mtu."

Hata kina mama waliokuwa wakipika humo waliacha kukoroga.

"Simama katikati, Mtukufu," Komeo alimwelekeza kwa upole. "Na usifumbe macho."

Salumbe akapiga la kushoto. Mtukufu akafungwa, mchana kweupe, mbele ya wananchi wote, kisha kwa kuwa hapakuwa na wa kumtuma, akainama mwenyewe kuokota mpira nyavuni.